Siku 7 kwenda Kamachumu, na maiki nimeiacha Dar

Siku ya 1, Jumatatu

Niseme ukweli hii safari ya nyumbani Kamachumu, kule Kagera, sikuitaka. Mchungaji kuomba ruhusa wiki ya kwanza ya Majilio, majira ya kungoja Krismasi, ni sawa na mwenye duka kufunga siku ya sikukuu, na wazee wa kanisa walinitazama hivyohivyo. Ila baba yangu alianguka mwezi uliopita akitoka kuoga, ana miaka 87, na alipopata nafuu akapiga simu mwenyewe, yeye ambaye simu huwa anashikiwa na wajukuu, akasema neno moja tu, njoo. Mama watoto ndo akamalizia: "Nenda na kijana. Na huko usiende kuhubiri."

Kijana ni kitinda mimba wangu, miaka 17, Ijumaa kamaliza mtihani wa kidato cha 4, Jumatatu tuko stesheni ya treni ya umeme na mabegi. Tangu Agosti haongei na mimi zaidi ya shikamoo baba na ndiyo baba. Sababu naijua. Mwezi ule alinifuata usiku sebuleni akaniambia jambo lake, jambo ambalo kijana hamwambii baba yake kirahisi, tukaomba, nikalala nikimshukuru Mungu kwa kunipa mtoto muwazi. Jumapili ya pili yake nikawa nahubiri habari za toba, neno linashuka vizuri, watu wamejaa mpaka kwenye maturubai nje, na mimi nikasema "nina kijana wangu nyumbani...". Sikutaja jina. Kama vile ninao 10! Nina wa kiume mmoja, na alikuwa kwenye kwaya ya vijana nyuma yangu, hatua 4 hivi. Watu waliitikia amina. Jioni kipande hicho cha video kilishafika kwenye magrupu mpaka ya shule yake.

Kwaya hajarudi tena.

Sasa treni. Wale waliozoea kutoka Dar alfajiri na basi wafike Dodoma mchana wamechoka, hii kitu ni mwendo wa saa 3 na nusu hivi, mara Pugu, mara Morogoro, halafu Kilosa unaingia kwenye mahandaki ya milimani kioo kinakuwa cheusi unaona uso wako mwenyewe. Kwenye handaki la kwanza nikaona ndo muda, nikamgusa bega, akatoa kisikilizio kimoja cha sikio. Nikaanza. Nikaeleza presha ya huduma, nikaeleza kwamba hata Daudi alikosea, nikaeleza nia yangu ilikuwa kuwasaidia vijana wengine, handaki likaisha na mimi sijafika kwenye neno lenyewe. Akasema "poa baba", akarudisha kisikilizio.

Usiku tumelala Dodoma kwa mchungaji mwenzangu, Mwanglikana, tulisoma wote zamani. Nikampa habari yote kijana alipoenda kulala, yeye akacheka, akanikumbusha kisa cha Festo Kivengere, Mganda wa Kigezi ambaye baadaye alikuwa askofu, miaka ya 1940 na 1950 alikuwa mwalimu hapahapa Dodoma. Kisa alikuwa anakisimulia Kivengere mwenyewe: kagombana na mke wake jikoni, naye anasubiriwa mahali akahubiri, moyoni anasikia rudi ukapatane na mkeo kwanza, yeye anajitetea kwamba muda umekwisha watu wanangoja, nikitoka huko. Akasikia: sawa, wewe nenda kahubiri, mimi nabaki hapa jikoni na mkeo.

Kisa hiki nimekihubiri mimi mara 3 au 4. Watu huwa wanacheka sana.

Siku ya 2, Jumanne

Basi la Mwanza. Manyoni, Singida, mlima Sekenke breki zinanuka, Igunga, Nzega, Shinyanga, mwili unauma sehemu ambazo sikujua kama ninazo. Dirisha letu halifungi, vumbi tumekula la kutosha. Kijana alilala begani kwangu kuanzia Igunga mpaka karibu na Tinde, bila kujua nadhani, na mimi sikusogea mkono ulipokufa ganzi. Kituoni Nyegezi tumefika usiku. Sina la zaidi.

Siku ya 3, Jumatano

Meli ni kesho usiku, kwa hiyo leo nikamchukua kijana kwa daladala mpaka Igoma, kwenye makaburi ya MV Bukoba.

Yeye alizaliwa miaka zaidi ya 10 baada ya ajali, kwake ni somo la historia. Mei 21, 1996, meli inatoka Bukoba kuja Mwanza, imebeba watu kupita uwezo wake, imebakiza kidogo tu kufika, ikalala ubavu kisha ikapinduka. Waliokufa ni zaidi ya 800. Mimi nilikuwa na miaka 20, niko Bukoba mjini, nakumbuka redio imewekwa dirishani na watu wamesimama nje wanasikiliza majina. Mjomba wangu, mdogo wa mama, alipanda Kemondo na mikungu ya ndizi. Hakuonekana, akiwa hai wala maiti. Kwa hiyo pale Igoma hatuna kaburi lake, tuna makaburi ya wengine tunasimama mbele yake.

Nikamwambia kijana kitu ambacho kumbe hajawahi kukijua: bibi yake hakula samaki tena kuanzia siku ile mpaka anakufa. Sio kwa kuweka nadhiri wala nini. Akiletewa sangara anasema peleka kwa watoto. Aliwahi kuniambia mara moja tu, sijui wamekula nini hao samaki.

Kijana akauliza, "Bibi alipozikwa wewe ulilia?"

Ni swali la kwanza ananiuliza tangu Agosti. Nikajibu hapana, nilihubiri.

Siku ya 4, Alhamisi

Meli ni ileile ya zamani, MV Victoria, iko ziwani tangu 1961, imekarabatiwa ikarudi kazini 2020 na jina limerefushwa, New Victoria Hapa Kazi Tu. Tumekaa na abiria wengine kwenye viti, mizigo kila mahali, mama mmoja ana vifaranga kwenye boksi la sabuni wanalia cwii cwii usiku kucha. Taa za Mwanza zilipoanza kuwa ndogo kijana akavua visikilizio vyake (simu ilikuwa imeisha chaji, nisijisifu) akauliza: babu ni Mlutheri au ni mlokole? Maana watu wanasema vyote viwili.

Nikamweleza ni vyote viwili. Kwamba Uamsho, lile vuguvugu la walokole la Afrika Mashariki, haukuwa dhehebu. Ulianza kwa Waanglikana, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, Kampala 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini kwenyewe, ukaenda Kigezi, Buganda, na kwetu ukaingia kupitia Katoke kwenye chuo cha ualimu, ukaruka mpaka kwa Walutheri wa Bukoba. Hata Askofu Kibira, yule aliyechaguliwa 1977 kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza, alikuwa ndugu wa Uamsho. Ndugu hawakuhama makanisa yao. Walikutana tu nyumbani kwa mtu, wakaimba, wakasema dhambi zao kwa majina yake, kama ni wizi unasema wizi na unasema uliiba nini.

"Babu aliiba nini?"

Hapo nikafurahi maana hii ninaijua vizuri. Babu yake alikuwa anaweka mawe kwenye gunia la kahawa. Sio mengi, mawe madogo 3 au 4 chini kabisa, mizani ipande. Alipookoka, kijana wa miaka kama 21, akatembea na kikapu cha mawe mpaka kwa karani wa chama cha ushirika, akamwaga mezani, akasema haya ni yenu, mliyanunua kwangu. Karani akacheka mpaka akaita wenzake. Halafu akachukua daftari akapiga hesabu, na baba alilipa misimu 2.

Kijana alicheka kwa sauti, mama wa vifaranga akageuka. Nikakaa kimya. Kuna sehemu ya mimi, naiandika hapa maana ndiyo ilivyo, ilishaanza kulipanga hilo tukio liwe utangulizi wa mahubiri.

Siku ya 5, Ijumaa

Tumeshuka Kemondo asubuhi, tukapata hiace ya kupanda Kamachumu, baridi imetupiga sisi watu wa Dar mpaka kijana akavaa soksi 2.

Baba amekonda. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba na fimbo yake, nikapiga magoti kumwamkia, akanishika kichwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akamvuta mjukuu wake akamkalisha ubavuni na kumpa kahawa ya kutafuna. Mimi nikaambiwa nipeleke mabegi ndani.

Kaka yangu ndiye mwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, ndiye anaishi na baba. Ananiita Mchungaji. Jina langu hajalitumia miaka 3, tangu mazishi ya mama. Siku ile nilifika Bukoba kwa ndege asubuhi, nikahubiri, watu wakasema hawajawahi kusikia mahubiri ya mazishi kama yale, na kesho yake saa 11 alfajiri nikaondoka kwa sababu Jumamosi nilikuwa na mkutano wa Injili na mabango yalishabandikwa. Matanga sikukaa hata usiku wa pili.

Usiku, senene, wale panzi wa kula. Mwaka huu wameshuka vizuri, vijana wa jirani wamefunga taa kubwa na mabati yameinamia kwenye mapipa, unasikia tu papapapa wanagonga bati na kuteleza. Kaka alinunua ndoo 2 na nusu. Sasa asiyejua, kazi ya senene sio kukaanga, ni kunyonyoa. Unamshika mmoja mmoja, mabawa, miguu, vipapasi, unatupa kwenye sinia, unachukua mwingine, vidole vinanata mafuta ya kijani, na ndoo haishuki. Mnakaa duara mnafanya hivyo hata kwa muda wa saa 4. Hakuna anayemtazama mwenzie usoni, kila mtu yuko na senene wake. Ndo maana nadhani mambo huwa yanasemwa hapo.

Kaka alisema bila kuinua kichwa: "Ulihubiri dakika 50. Mimi nilikuwa nimechimba."

Nikaanza kumwomba msamaha. Na nikajisikia mwenyewe, wallahi (samahanini, nimekaa sana Dar), nikajisikia sauti inapanda na kushuka, nikafika mpaka "katika safari ya maisha haya". Kaka akasubiri nimalize, akasema "Amina", akachukua senene mwingine. Kijana wangu aliinama akicheka na mimi nikamwona.

Siku ya 6, Jumamosi

Saa 12 na nusu asubuhi kaka akanigongea akanipa panga. Kaburi la mama liko kwenye migomba nyuma ya nyumba kama ilivyo kwetu, na majani makavu yameliangukia, magugu yamepanda pembeni. Hakusema kitu, akanionyesha tu pa kuanzia. Nikakata, nikang'oa, nikazoa. Mikono ya kushika Biblia, nusu saa tu malengelenge yakatoka, mawili yakapasuka. Kaka alikuwa anapunguza migomba hatua chache kutoka pale. Saa 3 akaniletea chai na kiporo cha ndizi na maharage, tukala tumekaa kwenye shina, akasema simenti ya msalaba imepata ufa, kaburi la babu alilitengeneza baada ya lile tetemeko la 2016, sasa la mama nalo linataka. Nikasema tutengeneze. Akasema "mfuko mmoja unatosha". Halafu akaniita jina langu, kuniomba nimpe chumvi.

Mchana ndo ushirika wa ndugu, nyumbani kwa bibi mmoja upande wa pili wa bonde. Baba tulimpeleka kwa bodaboda, kijana kakaa nyuma yake kumshikilia. Walikuwepo watu kama 20, wengi ni wazee, vijana wa siku hizi wanaenda kwenye spika kubwa. Wakaimba ule wimbo wa Kiganda ambao hata asiyejua Kiganda anaujua, wakashuhudia. Mzee mmoja wa miaka 70 na kitu akatubu kwamba alimwonea wivu jirani kwa sababu ya ng'ombe, akataja na rangi ya ng'ombe. Hakuna aliyeguna. Yule bibi mwenye nyumba akanigeukia mimi: "Mchungaji, mahubiri yako wajukuu wanatuonyesha kwenye simu, ni mazuri. Wewe mwenyewe hujambo rohoni?"

Nikasimama. Nilikuwa nimeshaamua, jambo langu la Agosti nitaliweka mwangani leo, mbele ya ndugu, kama baba na mawe yake. Nikasema "Ndugu, nimemkosea mwanangu, mwanangu alikuja kwangu akaniambia..." na macho yangu yakaenda mlangoni, kijana kasimama pale ameegemea fremu, na uso wake ni uleule wa Agosti ambao wakati ule sikugeuka kuuona.

Nilikuwa naenda kumsimulia tena! Kwa machozi safari hii.

Nikakaa. Nikasema tu "mengine si yangu kuyasema hapa". Kukawa kimya, halafu bibi akaanzisha wimbo mwingine na mambo yakaendelea kama kawaida, kwa wale watu kukwama katikati ya ushuhuda si ajabu.

Njiani kurudi baba akasema tutembee kidogo, anataka kunyoosha mguu. Akashika mkono wangu. Akasema, "Yale mawe niliyapeleka kwa karani. Sikuyapeleka kanisani." Nikasema lakini tata (ndo baba kwa Kihaya) mbona uliwashuhudia na ndugu. Akasema, "Baada ya kulipa."

Usiku kulikuwa na ile nusu ndoo iliyobaki. Tukakaa jikoni mimi na kijana, wengine wamelala, moshi unauma macho. Nilinyonyoa kama senene 15 hivi bila kusema. Halafu nikasema, nilichukua siri yako nikaitumia, nisamehe. Basi. Ilinichukua muda mfupi kuliko kumnyonyoa mmoja. Nikajizuia kwa nguvu zote nisiongeze kitu, kuna aya zilikuwa zinakuja zenyewe mdomoni, nikazimeza.

Akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Video bado ipo." Nikachukua simu, mtandao pale jikoni ni wa kubahatisha, tukatoka nje mpaka kwenye mwembe ambapo inashika, nikampigia kijana wa media wa kanisa nikamwamsha, nikamwambia aitoe ibada ile yote. Akauliza yote Baba Mchungaji? Ina watazamaji wengi kuliko zote. Nikasema yote. Ya kwenye magrupu ya watu siwezi kuitoa, na hilo nikamwambia kijana pia.

Hakuniambia amenisamehe. Alisema tumalize senene, baba mkubwa ataamka mapema.

Siku ya 7, Jumapili

Majilio ya pili. Mchungaji wa usharika, kijana mdogo, aliposikia nipo akaja na kanzu ya ziada amekunja vizuri, akaniomba nihubiri. Nikamwambia leo nimekuja na baba. Akadhani ni unyenyekevu, akasisitiza, mpaka baba akamwambia kwa Kihaya mwache huyo akae.

Nimekaa benchi la 4 katikati ya baba na kaka. Sijui mara ya mwisho nimekaa upande ule wa kanisa lini, huwa nawaona watu usoni, leo nimeona visogo. Mtoto wa mbele yangu alikuwa anachora na kidole kwenye vumbi la benchi. Mahubiri yalikuwa ya kawaida kabisa, kuna mahali yule mchungaji alipotea akarudia sentensi, na mimi moja kwa moja nikaanza kumsahihisha kichwani mpaka kaka akanipiga kiwiko, eti nakunja uso.

Mchana tumechanganya simenti. Ufa umezibwa. Kijana ndiye alipaka mwisho kwa sababu mikono yangu ina malengelenge, na baba alikuwa amekaa kwenye kiti anaelekeza kwa fimbo, pale, sio pale, pale.

Mama watoto alipiga jioni akataka kuongea na kijana kwanza. Waliongea dakika 20 nje. Simu iliporudi kwangu akasema tu, "Nimesikia hukuhubiri."

Hii simulizi nimeiandika kidogokidogo kila usiku kwenye simu, na leo kabla ya kuituma popote nimempa kijana asome yote, nikamwambia afute anachotaka. Alikaa nayo kwenye ngazi nusu saa. Kule juu kwenye Agosti zilikuwepo sentensi 3 zaidi, amezitoa. Ya kwenye basi, kwamba alilala begani kwangu, nilidhani ataifuta, kaiacha. Na pale kwenye senene mimi niliandika ndoo 2, yeye amerekebisha, ni 2 na nusu.